Nimepata nafasi ya kujitolea Guatemala, Kihispania sijui: nisomee hapa Dodoma au nitangulie huko?

Mkunga_AreaC

Mbukwenyi wakuu, na shikamooni wote mnaostahili.

Mimi ni mkunga, naishi Area C hapa Dodoma. Mkataba wangu na kituo nilichokuwa nafanyia kazi upande wa Mpwapwa umekwisha, na kabla sijatafuta kingine nimepata kitu ambacho mama yangu bado anauliza kama si utapeli. Kuna kliniki ndogo ya masista kwenye milima ya magharibi ya Guatemala, nje kidogo ya mji wa Quetzaltenango. Wamekubali nikajitolee mwaka mmoja kuanzia Septemba. Si utapeli, nimehakikisha: aliyenipendekeza ni sista Mtanzania wa shirika hilohilo aliyewahi kukaa huko, na sista mkuu nimeongea naye kwa video. Wanatoa chumba, chakula na bima, nauli tunagawana. Sharti lao ni moja tu. Siku ya kwanza kazini niwe naweza kuongea na mgonjwa, kwa sababu mkalimani hawana, na Kiingereza pale anacho daktari peke yake, ambaye naye haji kila siku.

Kihispania changu kwa sasa ni cha kwenye mpira. Nimepakua ile programu ya bundi wa kijani (Duolingo), nimeshajua tufaha, nimeshajua paka anakunywa maziwa. Bado sijaona paka anaingia leba saa ngapi.

Nina njia mbili. Ya kwanza, nibaki hapa hadi Agosti, nilipe mwalimu wa mtandaoni kwa saa, nile kwa mama. Ya pili, niondoke Juni, nikae mji wa Antigua ambako nasikia shule za Kihispania zimejaa, nisome huku naishi na familia, nizunguke kidogo nione nchi, ndipo nikaripoti. Hela ipo kiasi, tuliuza zabibu za Hombolo mwezi Machi na mama amenipa fungu langu. Haitoshi anasa.

Shangazi anasema njia ya pili ni utalii umevalishwa sare ya unesi. "Unakwenda kuhudumia watu au kupiga picha?" Sikumjibu, ni shangazi.

Sababu ya kuuliza kwa kirefu ni hii. Kijijini nilikokuwa, kulikuwa na mabibi ambao Kiswahili wanakisikia redioni tu. Nimeona mama kijana, uchungu umemkolea, anaitikia "ndiyo" kwa kila swali la nesi kwa sababu Kiswahili cha nesi kilikuwa cha mbio na yeye ana Kigogo chake. Ameulizwa chupa imepasuka, ndiyo. Ameulizwa haijapasuka, ndiyo. Mimi Kigogo changu ni cha kulelewa na bibi, nikaingia pale katikati. Sasa huko nitakuwa mimi ndiye yule nesi. Na nasikia kwenye milima hiyo hata Kihispania chenyewe wengi si lugha yao ya nyumbani. Ni kweli?

Waliowahi kufika, au waliosoma Kihispania popote, naomba mwongozo.

Kijana_wa_Sabasaba

Dada, lugha inasomwa kwao. Kihispania ni Hispania. Piga Madrid miezi miwili, ukitoka hapo unashuka Guatemala umeiva. Halafu uwanja wa Bernabéu utupigie picha.

Fundi_Maji_Ihumwa

Mdogo wangu wa Sabasaba, Madrid utamlipia wewe? Viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, ni kazi, nyumba za kule ni bei, na akitoka hapo anakuja na matamshi ya kule na "vosotros" (yaani "ninyi") ambayo Guatemala hakuna anayeitumia. Tuachane na Bernabéu.

Dada mkunga, mimi nimeishi huko, vijiji vya juu ya Quetzaltenango, nikijitolea kwenye miradi ya mabomba ya maji ya mserereko. Mji wenyewe wenyeji wanauita Xela, tamka "Shela", na ukiuita hivyo kwenye basi utaeleweka haraka zaidi. Nitakuandikia kwa urefu maana najua hali uliyonayo.

Nenda Juni. Lakini usiende mtupu. Kuanzia leo hadi siku ya safari, soma hapa vitu visivyohitaji mtu mbele yako: namba, siku, viungo vya mwili, vitenzi vya wakati uliopo. Kozi nyingi za bure zinapitia Kiingereza, vumilia. Matamshi hayatakusumbua, irabu zao ni tano na zinasomeka kama zetu, hivyo hata ukisoma karatasi usiyoielewa msikilizaji atakuelewa. Kitakachokutesa ni vitenzi. Sisi tunajua nani anatenda kwa kusikia mwanzo wa neno, wao wanakuficha mwishoni, na wakati unasubiri mwisho mtu keshamaliza sentensi.

Huko shule nyingi zinafundisha mwalimu mmoja mwanafunzi mmoja, saa nne au tano kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Hakuna pa kujificha. Siku ya kwanza mwambie mwalimu wewe ni mkunga na unaanza kazi Septemba. Akikuletea somo la kuagiza chakula hotelini, mrudishie kwa heshima. Mwambie aigize mjamzito na wewe umuulize: ¿Dónde le duele? ¿Desde cuándo? (Unaumwa wapi? Tangu lini?) Mwambie akupe majibu ya ovyo ovyo kama wagonjwa wa kweli wanavyojibu, si ya kitabuni. Walimu wengi ni kina mama waliozaa, watakufundisha mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote. Mwalimu wangu mimi alikuwa mwanamume, alinifundisha msamiati wa mabomba kwa kunipeleka dukani kwa fundi wa jirani tukakaa humo hadi tukafukuzwa.

Sasa mji. Antigua ni mzuri, sikudanganyi. Ulikuwa makao makuu hadi matetemeko ya 1773 yalipouangusha, wakahamishia serikali ilipo Guatemala City leo (watu wa Dodoma mambo ya kuhamisha makao makuu tunayajua, ila sisi hatukusubiri tetemeko). Makanisa yaliyobomoka bado yamesimama nusu nusu mitaani, na volkano ya Fuego unaiona ikitoa moshi ukiwa unaanika nguo. Tatizo la Antigua ni kwamba kila kona kuna mgeni, na ukikwama kwenye Kihispania mtu anakuokoa kwa Kiingereza. Wewe hutaki kuokolewa. Xela hawakuokoi. Pia kwa kawaida ni nafuu, na ni jirani na kliniki yako, kwa hiyo namna ya kuongea utakayoizoea ndiyo utakayofanyia kazi. Ningekuwa wewe ningekaa Antigua siku chache za kupumzisha mwili baada ya ndege, halafu muda wote uliobaki Xela.

Beba sweta la kweli. Xela iko mita 2,330 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya Dodoma. Ile baridi yetu ya Julai ambayo watu wa Majengo wanavaa makoti ni asubuhi ya kawaida kule. Na Juni ni masika yao, mvua huanza Mei hadi Oktoba, mara nyingi inashuka alasiri. Kwa hiyo mizunguko yako fanya asubuhi.

Chakula: mahindi. Tortilla, vichapati vya mahindi, asubuhi, mchana na usiku, na maharage meusi. Mahindi wanayachemsha na chokaa kwanza, ndiyo harufu yake ile. Familia unayopanga kwao kwa kawaida inakupikia kila siku isipokuwa Jumapili. Hiyo Jumapili usibaki chumbani.

Hapo ndipo nakuja kwa shangazi yako, mpe salamu. Zunguka. Lakini zunguka wikiendi, katikati ya masomo, usiweke matembezi yote mwisho. Jumatatu mwalimu atakuuliza ulikwenda wapi, ulipanda nini, ulikula nini, nani alikukanyaga, na hapo ndipo wakati uliopita utaingia kichwani, kwa sababu una kitu cha kusimulia. Nenda soko la Chichicastenango, ni Alhamisi na Jumapili. Nenda ziwa Atitlán, vijiji viko pande zote na mashua zinapita kama hiace. Panda camioneta, yale mabasi ya zamani ya shule za Marekani yaliyopakwa rangi zote. Kondakta wake atakufundisha namba kwa siku moja. Tikal, magofu ya mji wa kale wa Wamaya, waachie wenye muda, iko mbali kaskazini, usiku mzima kwenye basi.

Kuhusu lugha za milimani: ndiyo, ni kweli. Guatemala ina lugha 22 za Kimaya, za wenyeji waliokuwapo kabla ya Wahispania. Upande ule utakutana na Mam na K'iche'. Vijana wengi wanaongea Kihispania, wanawake wazee vijijini si wote. Kwa hiyo hicho ulichokiona Mpwapwa utakikuta vilevile. Sharti uwe na mwenzako wa hapo, na mwenzako huyo mara nyingi atakuwa comadrona, mkunga wa jadi. Wanawake wengi wa vijijini wanajifungulia kwao. Usiingie na uso wa mwenye cheti. Watakuonyesha temazcal, kile chumba kidogo cha mvuke anachoingizwa mzazi baada ya kujifungua. Uliza kwanza, toa maoni baadaye.

Jambo la mwisho, vita. Nchi ile ilipigana yenyewe kwa yenyewe kuanzia 1960 hadi 1996, na vijiji vya Wamaya ndivyo vilivyoumia zaidi. Mgonjwa wako wa miaka hamsini na kitu alikuwa mtoto wakati ule. Usiulize. Akikusimulia, msikilize.

Mkweli_Daima

Samahani nitaharibu uzi. Mpwapwa mkunga hayupo, umeondoka wewe. Unavuka bahari kwenda kujitolea kwa watu wenye wakunga wao. Hii ya kujitolea nje ni ya Wazungu waliomaliza shule hawana la kufanya. Sisi tuna la kufanya.

Mkunga_AreaC

@Mkweli_Daima hujaharibu, ni swali ninalojiuliza nikiwa naosha vyombo. Mkataba sikuuvunja, mradi ulikwisha na fedha zake. Nafasi za ajira nimeomba, nasubiri kama wenzangu.

Lakini kuna kitu nakifuata. Sisi mkunga wa jadi tumemwambia aache kuzalisha, alete mama kituoni, basi. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Kwetu wameachwa pembeni, na kituo kikiwa mbali mama anarudi kwao usiku bila sisi kujua. Guatemala serikali yao inawaandikisha, inawapa mafunzo, na walitunga hadi sera ya taifa ya comadronas ya 2015 hadi 2025. Nataka kuona kliniki na wale kina mama wanavyofanya kazi meza moja, kama kweli wanafanya. Na watoto wao karibu nusu walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati mahindi wanayo. Hilo swali lipo Dodoma pia. Nitarudi, kaka. Mashamba ya mama siwezi kuyakimbia.

@Fundi_Maji_Ihumwa kaka, ahsante sana, nimekopi nimeweka kwenye daftari. Swali moja: nitawaita wagonjwa vipi? Kitabu kinasema "tú", yaani "wewe".

Fundi_Maji_Ihumwa

Mgonjwa, mzee, mkwe wa mtu, sista, dereva: usted, ile "wewe" ya heshima. Vijana wa Xela wenyewe kwa wenyewe wanaitana "vos", "wewe" ya kirafiki, utaisikia sana, usiiokote mitaani ukaipeleka wodini. Hata mtoto wa miaka sita ukimwita usted kule hakuna atakayecheka.

Mzee_wa_Mpunguzi

Binti, marahaba.

Mimi nilisomea udaktari wa mifugo Cuba, enzi zile Fidel Castro alikwishafika Tanzania (alikuja 1977) na vijana wa Kiafrika walikuwa wanapelekwa kwa maelfu. Tulianza na mwaka wa matayarisho wa lugha tupu kabla ya masomo yenyewe. Mwaka mzima! Kwa hiyo ninyi mnaotaka kumaliza Kihispania kwa simu kabla ya Agosti mnanifurahisha.

Aliyosema fundi ni sawa, naongeza moja tu. Sikio linachelewa kuliko mdomo. Utajua kuuliza swali vizuri, halafu mgonjwa akujibu na wewe umebaki unatabasamu. Wacuba ndio walinitesa, wanameza herufi "s" yote. Watu wa milima ya Guatemala wanasema pole pole, wanatamka, nimekutana nao Havana. Umebahatika. Lakini anza sasa: kila asubuhi ukiwa unafanya kazi za nyumbani weka redio ya Kihispania, habari, chochote, usijaribu kuelewa. Acha ipigwe. Baada ya muda utaanza kusikia neno moja moja linasimama peke yake.

Na ile "rr" fanyia mazoezi. Perro ni mbwa, pero ni lakini. Mimi nilimwambia profesa kuhusu ng'ombe na lakini wake, darasa zima likalala chini.

Mimi Jumamosi huwa niko mjini, naleta zabibu soko la Majengo. Nikimaliza kuuza nina muda. Sina wa kuongea naye lugha ile, mke wangu amechoka kuisikia.

Tiketi_na_Viza

Nafanya kazi ofisi ya tiketi, naomba nitoe ya upande wangu maana lugha mmeimaliza.

Dada, usinunue tiketi kwa kuangalia bei tu. Dar hadi Guatemala City hakuna ndege ya moja kwa moja, utabadilisha angalau mara mbili, na mahali pa kubadilisha ndipo penye mtego kwa pasipoti yetu. Njia ya Marekani inahitaji viza yao hata kama hutoki uwanjani. Njia ya San Salvador angalia sana: tangu Oktoba 2023 El Salvador inatoza abiria wa pasipoti za nchi nyingi za Afrika pamoja na India dola 1,000, ukiweka kodi inakuwa 1,130. Kwenye mtandao wa tiketi hutaiona, na njia hiyo ndiyo mara nyingi inayoonekana rahisi. Kuna njia ya Istanbul hadi Panama, kuna ya Madrid. Kila moja uliza shirika la ndege, na wakujibu kwa maandishi, si kwa simu.

Guatemala haina ubalozi hapa Tanzania. Waambie masista waanze kufuatilia viza kutoka upande wao, idara ya uhamiaji ya kule, na barua ya mwaliko iwe na muhuri. Anza sasa, Juni si mbali.

Halafu kwa vile unataka kuzunguka: Guatemala, El Salvador, Honduras na Nicaragua wana makubaliano, siku 90 zinahesabiwa kwa nchi zote nne pamoja. Ukivuka kwenda Honduras ukarudi, saa haianzi upya. Kwa mwaka mzima lazima kibali cha kukaa, si viza ya matembezi ya kurefusha refusha.

Chanjo ya homa ya manjano, kama huna, chanja angalau siku 10 kabla. Ukiwa na ile kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi usiitupe. Tangu Julai 2016 ni ya maisha. Beba dola za karatasi zilizo safi. Kule utabadilisha kuwa quetzal, fedha yao, kwa miaka mingi dola moja imekuwa kati ya 7 na 8 hivi.

Nesi_wa_Zamu

Mwenzangu, kabla ya yote hayo: leseni. Umewauliza masista utafanya kazi kwa kibali gani? Leseni ya Tanzania haikuruhusu kumzalisha mtu Guatemala. Kujitolea hakubadilishi hilo. Nenda Baraza la Uuguzi na Ukunga uombe barua ya kuthibitisha kwamba uko hai kwenye daftari na huna kesi ya nidhamu, itafsiriwe Kihispania na mtafsiri anayetambulika, na masista wakuandikie wazi kazi zako: kupima presha, kliniki ya wajawazito, elimu ya lishe, au na leba? Kama hakuna kibali, leba unasimama pembeni unashika mkono. Ikitokea tatizo, bima haitakutambua na sista mkuu hatakuwa kwenye video.

Mkunga_AreaC

Nesi_wa_Zamu umenigusa penyewe. Nimemwandikia sista usiku uleule. Amejibu asubuhi hii: miezi ya kwanza ni kliniki ya wajawazito na lishe tu, leba ni baada ya wizara yao kupitisha karatasi zangu, na huenda isipitishe. Nimekubali. Barua ya Baraza naifuatilia wiki hii.

Basi hivi ndivyo nilivyoamua hadi sasa. Naondoka mwanzoni mwa Juni viza ikitoka, natafuta njia isiyopita San Salvador, Antigua napita tu, nasomea Xela. Atitlán na Chichicastenango ndani ya wikiendi, shangazi nitamtumia picha nimeshika daftari. Hadi hapo naendelea na bundi, na nimeanza kuweka redio. Mama amelalamika kwamba wanaongea kama wanagombana.

Mzee wa Mpunguzi, shikamoo tena. Jumamosi hii uko upande upi wa soko?

Mzee_wa_Mpunguzi

Upande wa wauza mboga, nyuma kidogo, ulizia mzee wa zabibu mwenye kofia ya majani. Njoo saa nane, asubuhi wateja hawaniachi. Kiswahili uache getini.